Mashine Ina Gemu Gani? Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na karibu zote zinauliza konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ipi inastahili pesa. Sisi tunaanza kuhesabu kwenye gemu: zipi utazicheza wewe, hapo ulipo, kwa umeme na bando ulilo nalo. Mashine yenyewe ni kasha tu. Wahenga walishatuonya juu ya uzuri wa mkakasi.

Habari za kazi, ndugu wahariri. Niko Soweto, Mbeya. Nimepata PS4 (PlayStation 4) Slim iliyotumika, ina gemu 30 ndani na diski 2. Kwa bei inayokaribiana nayo naweza kuagiza Xbox Series S mpya kutoka Dar. Mwenye PS4 anasema hizo gemu 30 peke yake zinazidi bei ya mashine. Ni kweli?

Kwa hesabu yetu, ndugu, unauziwa PS4 yenye gemu 2.

Gemu iliyonunuliwa dukani kwa njia ya intaneti haifungwi kwenye mashine, inafungwa kwenye akaunti ya aliyeinunua. PS4 inaruhusu watumiaji wengine wa mashine hiyo kuicheza mradi tu mashine imesajiliwa kuwa ya kwanza ya mwenye akaunti. Siku jamaa atakaponunua PS4 nyingine na kuisajili hiyo, au atakapoingia kwenye tovuti na kuziondoa mashine zake zote kwa mpigo (jambo linaloruhusiwa mara moja kila miezi 6), utawasha TV ukute alama ya kufuli kwenye kila gemu. Picha zipo, gigabaiti zimejaa, na hakuna inayofunguka. Si lazima awe tapeli. Mara nyingi anakuwa ameshasahau kwamba alikuuzia.

Jaribu mbele yake kabla hujatoa pesa. Kwenye akaunti yake fungua Settings, kisha Account Management, kisha usajili wa mashine ya kwanza, na umwombe aufute. Tengeneza mtumiaji mpya asiye na uhusiano naye, halafu fungua gemu moja moja kutoka kwa mtumiaji huyo. Zitakazokataa hazina thamani kwako. Zitakazodai diski ni zile zilizowekwa kutoka kwenye diski ambayo hupewi, nazo ziondoe kwenye hesabu. Akisema atakuachia akaunti pamoja na nywila yake, kataa: anayemiliki barua pepe ya mwanzo na kumbukumbu za malipo anaweza kuirudisha wakati wowote, na kuuziana akaunti kunakatazwa na masharti yake.

Kuna sentensi moja ya muuzaji inayotakiwa kukuzindua: "Usiiunganishe na intaneti, na ikikuomba apdeti usikubali." Hiyo ni mashine iliyofunguliwa kufuli la programu, wengine wanasema imechipiwa, na gemu zake ni nakala zisizo halali. Tuache sheria kando kwa dakika moja tuangalie thamani. Gemu mpya hudai toleo jipya la programu ya mashine. Ukikubali apdeti unapoteza zile nakala, ukikataa unapoteza kila kitakachotoka baadaye, na ukiingia mtandaoni nayo mashine inaweza kufungiwa. Hazina yake imeganda siku ilipochipiwa.

Sasa Series S. Haina mlango wa diski. Hifadhi ya ndani ya toleo la kawaida ni gigabaiti 512, na zinazobaki kwa gemu ni kama 364. Gemu kubwa za siku hizi ni gigabaiti 50 hadi 100 kila moja, kwa hiyo zinakaa tatu hadi saba, ukitaka nyingine unafuta. Kufuta si tatizo kwa mwenye waya wa faiba nyumbani. Kwa mwenye bando la simu kila kufuta ni kununua upya. Gigabaiti 50 kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde ni saa 11 mfululizo, na kwa megabiti 4 ni saa 28. Kigezo kingine ni soko la pale Mwanjelwa: diski ukiichoka unaiuza, unabadilishana, unamwazima binamu. Gemu ya Series S huwezi hata kumrithisha mtu.

Kwa hiyo, kama nyumbani una intaneti isiyopimwa kwa gigabaiti na unapenda kuonja gemu nyingi kwa malipo ya mwezi, Series S inakufaa. Kama unategemea bando, chukua PS4, lakini mlipe bei ya mashine na diski 2, basi. Mkikubaliana, ifute yote kwa Initialization mbele yake. Ufutaji wa haraka ni dakika chache, ule kamili unachukua saa kadhaa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, Kihesa, Iringa. Kaka zangu wanabishana. Mmoja anasema PS2 ni bora kuliko zote kwa sababu ina gemu karibu 4,000. Mwingine ni Nintendo damu. Kuna namna ya kupima bila ushabiki wa Simba na Yanga?

Marahaba, mdogo wetu. Ipo, na inahitaji kalamu na karatasi.

Kwanza iondoe hiyo 4,000 mezani. Ni jumla ya gemu za Japani, Marekani na Ulaya kwa pamoja, na PS2 ya Ulaya ambayo haijachezewa haisomi diski ya Marekani wala ya Japani. Idadi kubwa pia hubeba makapi. Nintendo 64 ilitoka mwaka 1996 na ikaishia na gemu 388 tu, mashine ndogo kwa hesabu ya kaka yako. Lakini ndani ya hizo kuna Super Mario 64 ya 1996, GoldenEye 007 ya 1997 na Ocarina of Time ya 1998, gemu ambazo watengenezaji wamekuwa wakiziiga tangu hapo. Kupima konsoli kwa idadi ya gemu ni kama kupima duka la vitabu kwa kilo.

Chukua karatasi uandike majina ya gemu utakazozicheza kweli kweli ndani ya miaka miwili. Majina, sio aina. Ukikwama kwenye la nane usilazimishe. Watu wengi hawafiki kumi.

Halafu chuja. Futa kila gemu inayopatikana kwenye kifaa ulichonacho tayari, iwe simu au kompyuta. Chujio hili ndilo linaloumiza mashabiki. God of War ya 2018 ilikuwa ya PlayStation peke yake mpaka Januari 2022 ilipofika kwenye kompyuta, na Spider-Man ya 2018 ikafuata Agosti mwaka huo. Forza Horizon 5, iliyokuwa fahari ya Xbox, iliingia PS5 mwaka 2025. Bloodborne ya 2015 bado inataka PS4 au PS5. Gemu kubwa za Nintendo wenyewe, akina Mario na Zelda, hazihami, na hapo kaka yako wa Nintendo ana hoja nzito kuliko anavyojua. Tatizo lake ni kwamba bei zake hazishuki: Mario Kart 8 Deluxe ni ya 2017 na bado inauzwa kama gemu mpya.

Futa tena zinazodai intaneti muda wote. Gran Turismo 7 ya 2022 ina diski, lakini sehemu yake kubwa haifunguki bila seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha mtandaoni. Machi 2022 seva hizo zilizimika zaidi ya saa 30, na wenye diski mkononi wakakaa wakitazamana. Linganisha na Gran Turismo Sport: huduma yake ya mtandao ilifungwa Januari 2024, lakini apdeti ya mwisho iliacha gemu ikichezeka nje ya mtandao. Mbaya zaidi ni diski tupu. Diski ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na chini ya megabaiti 100, iliyobaki yote unaipakua.

Mwisho, futa ambazo huwezi kuzipata. Gemu isiyo na diski Iringa wala Mbeya, wala mtu wa kukuletea kutoka Dar, haipo.

Zilizobaki zipigie hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni 600,000, pedi ya pili 60,000, na diski 6 za 40,000 ni 240,000. Jumla 900,000. Baada ya miaka miwili unauza mashine kwa 400,000 na diski kwa 20,000 kila moja: unarudisha 520,000. Umetumia 380,000. Kama kila gemu imekupa saa 40, una saa 240, yaani kama 1,580 kwa saa. Fanya hivyo kwa kila mashine mnayobishania. Mashine ya bei rahisi yenye gemu 2 kwenye karatasi mara nyingi inakuwa ghali kuliko zote. Na PS2 ya kaka mkubwa? Ikiwa ipo tayari, na TV ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, gharama kwa saa ni karibu bure. Ikikataa diski zenye tumbo la buluu na kusoma za fedha, usiitupe: za buluu ni CD na za fedha ni DVD, kila aina ina mwanga wake wa leza, na umekufa mmoja tu.

Wakuu, nina kibanda Tunduma, PS3 mbili. Vijana wanahama. Niende PS4 au niruke hadi PS5?

Kibanda hakihukumiwi kwa karatasi ya hapo juu. Kibandani gemu ni moja, mpira, na ya pili ni ya kupigana. Hizo 4,000 hazikuingizii hata mia.

PS3 imekwisha kwa kigezo hicho: FIFA ya mwisho kuingia humo ni FIFA 19, na PES ya mwisho ni 2018. Kijana hawezi kulipia kikosi ambacho nusu ya wachezaji wameshastaafu. PS4 ilitoka 2013 lakini mpaka EA Sports FC 26 (FC ndilo jina jipya la FIFA) bado inahesabiwa, na kwa watu wawili kwenye kochi moja tofauti yake na PS5 ni sura ya nyasi na nywele. Nenda PS4. Faida ya PS5 kwako ni kwamba inacheza karibu gemu zote za PS4, zisizokubali zinahesabika kwa vidole, hivyo diski utakazonunua leo hazitapotea ukipanda baadaye.

Usisahau pedi kwenye bajeti. Za PS3 hazifanyi kazi kwenye PS4. Za PS4 zinakubali kwenye PS5, lakini kwa gemu za PS4 tu.

Usishawishike na eFootball (ile PES ya zamani) kwa sababu ni ya bure. Sehemu yake kubwa inadai intaneti, na kibanda kinaendeshwa kwa mechi ambayo haikatiki. Kwa FC, washa bando mara moja, pakua vikosi vipya, hifadhi, zima. Mechi za kawaida za wawili zitaendelea bila mtandao. Na ukitafuta gemu ya tatu, soma mgongo wa kasha kuona kama inakubali wachezaji wawili kwenye skrini moja. GTA V haikubali. Need for Speed Heat haikubali. Tekken 7 na Mortal Kombat 11 zinakubali.

Kwa kuwa uko mpakani, diski zitakufikia kutoka pande mbili. PS4 inasoma diski za nchi yoyote, lakini nyongeza za kulipia zinazonunuliwa mtandaoni lazima zitoke duka la ukoo mmoja na diski. Diski za Ulaya zina mraba wa umri wa PEGI, za Marekani zina herufi za ESRB. Akaunti ya Afrika Kusini inaendana na diski za Ulaya. Ukichanganya, pesa imekwenda na nyongeza haionekani.

Umeme ukikatika mechi ikiendelea na PS4 ikagoma kuonyesha gemu, usikimbilie fundi. Izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 7 mpaka mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya, uchague namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu, inapanga upya orodha yake.

Nipo Mafinga. Diski zina mikwaruzo, muuzaji anasema zikisuguliwa zitapona. Kweli?

Inategemea ni diski za nini. Za PS2 zenye tumbo la fedha na za Xbox 360 ni DVD: data iko katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka juu, kwa hiyo mkwaruzo mwepesi unaweza kusuguliwa ukaisha. Za PS3, PS4 na PS5 ni Blu-ray. Data iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, na juu yake kuna utando mgumu. Haikwaruziki kirahisi, lakini ikikwaruzika na kucha ikakwama, umekwisha. Kuisugua ni kuondoa ule utando. Usilipe. Kwa zote, angalia pia upande wa picha: ufa mdogo kwenye tundu la katikati huwa unakua.

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, Njombe mjini. Wanataka PS5. Dukani kuna yenye mlango wa diski na isiyo nao, isiyo nao ni nafuu. Hiyo nafuu ni ya kweli?

Hatujambo, mama. Nafuu hiyo huisha kwenye gemu ya tatu au ya nne, kwa sababu mtoto atanunua kila kitu kwa bei ya duka moja la mtandaoni, bila mtumba na bila kuazimana. Chukua yenye mlango. Ikishindikana, hakikisha ile isiyo na mlango ni toleo jembamba lililotoka mwishoni mwa 2023, maana hilo linaweza kuongezewa kisomaji cha diski baadaye, na siku ya kukifunga kinahitaji intaneti mara moja. Toleo la 2020 lisilo na mlango haliongezewi kitu.

Kama nyumbani kuna diski za PS4, wataanza kucheza siku hiyo hiyo. Za PS3 haitazisoma. Kwa watoto wawili tungeipa nafasi ya kwanza It Takes Two, ambayo haichezwi na mtu mmoja, na Crash Team Racing Nitro-Fueled. Namba ya PEGI kwenye kasha ni umri, haihusu ugumu wa gemu: 12 maana yake chini ya miaka 12 haifai.

Jambo moja la Njombe. Mwezi wa sita na wa saba, mashine ikitoka kwenye gari au stoo yenye baridi kali kuingia sebuleni penye jiko la mkaa, hupata unyevu ndani kama miwani inavyofanya. Iache saa mbili tatu kabla ya kuiwasha.

Naandika kutoka Tukuyu. Nimeachiwa Xbox 360 na diski 15. Nikinunua Xbox One, diski hizo zitafanya kazi?

Baadhi. Xbox One na Series X zinakubali gemu zaidi ya 600 za Xbox 360 na za Xbox ya kwanza, na orodha hiyo haijaongezwa tangu Novemba 2021. Ambayo haimo haifunguki kabisa. Gemu zilizotegemea kamera ya Kinect hazimo. Hata iliyomo haichezwi kutoka kwenye diski: mashine inaitambua diski, inapakua gemu nzima kwa intaneti, kisha inadai diski ikae ndani kila unapocheza kama ufunguo. Kwa bando la simu, diski 15 zinaweza kula wiki nzima.

Usiiuze 360 kwa haraka. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Julai 29, 2024, kwa hiyo ulichonacho kwenye diski ndicho kitakachobaki, na kinacheza bila kuomba mtu ruhusa. Kabla ya yote zigeuze diski zote 15 kwenye mwanga wa dirisha. Zenye tumbo la fedha na maandishi yaliyochapwa kiwandani ni halisi. Zenye tumbo la zambarau, jina limeandikwa kwa kalamu, ni nakala. Maana yake 360 hiyo ilichipiwa, na Xbox One haitazitambua hata moja.